Fundi Kifungo na Goli Lililokataliwa

Suruali yangu ina viraka vitatu, na vyote vimetiwa na mtu mmoja. Nimetembea sana duniani, nimeshonewa na mafundi wa kila namna, wengine wakanipa suruali za kurukia madimbwi, lakini huyu ndiye ninayemrudia. Watu humwita Fundi Kifungo. Jina lake la kuzaliwa silijui, wala sijaona haja ya kuuliza.

Chumba chake ni chembamba. Ana cherehani mbili: moja inafanya kazi, nyingine inatoa vipuri vya kuilisha hiyo moja. Meza ya kukatia imekula nusu ya chumba. Ukutani zimetundikwa nguo za watu, na juu yake jezi ya zambarau ya timu yetu, iliyofuliwa mpaka imekuwa rangi ya majivu. Benchi la wateja sijaona mteja akilikalia. Hukaa washabiki.

Sasa niwaambie desturi yake. Ukiingia kwake kumtukana refa, hakukatazi. Anasukuma kitambaa pembeni, anachora uwanja kwa chaki juu ya meza, anamimina vifungo kutoka kwenye kopo. Vyeupe ndio sisi, vya kahawia ndio wao, vifungo vikubwa vya koti ndio makipa, na ushanga mmoja ndio mpira. "Panga," anakwambia. "Kila mtu umweke pale alipokuwa, ndipo utukane." Nimeona wanaume wazima wakiingia na povu mdomoni, wakatoka wakikuna vichwa.

Jumapili ile tulikuwa nyumbani. Mechi nne zimebaki, nasi wa tatu kutoka mkiani. Dakika za mwisho, bila kwa bila, tukapata kona. Kipa wao akatoka golini, akaupiga mpira ngumi, akaanguka huko huko mbele. Mabeki wake nao, karibu wote, wakakimbilia mbele. Mpira ukamwangukia namba saba wetu, akampenyezea namba tisa aliyebaki pale golini. Tisa akagusa tu. Nyavu zikacheza, uwanja ukalipuka, mimi na magonjwa yangu nikaruka. Kumbe kibendera kiko juu. Ameotea.

Ameotea vipi, na beki wao mmoja alikuwa amebaki kwenye mstari wa goli? Kila mwenye macho alimwona! Hata Fundi, mtu mpole ambaye sindano ikimchoma huiambia samahani, alipanda juu ya kiti karibu yangu akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi wa mchana!" Jukwaa zima likalidaka neno hilo, likaliimba mpaka mwisho.

Mshika kibendera alikuwa mwanamke kijana, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Fundi. Na fulana yake nyeusi ya akiba, iliyofumuka bega, ilikuwa kwa Fundi ikisubiri uzi.

Jumatatu jioni akaja mwenyewe. Nilikuwa kwenye benchi.

"Shikamooni wazee wangu. Fundi, ile fulana usihangaike nayo. Kata matambara ya kupigia deki."

"Marahaba. Kwa nini, mwanangu?"

"Naacha. Barua nimeshaandika, kesho nikitoka shule naipeleka chamani, kwa wakubwa wa marefa. Leo nimeingia darasani nimekuta wameandika ubaoni, mwizi wa mchana. Watoto wa darasa la nne! Sijui nani alilianzisha neno hilo."

Fundi aliinamia cherehani, akatia uzi kwenye tundu la sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Mwalimu akaaga. Alipokwenda, Fundi alichukua chaki.

Alipanga taratibu, kifungo kwa kifungo. Nilimwona akiweka kile kikubwa cha koti golini, akakitazama, akakiondoa, akakipeleka mbali, pale kipa alipoanguka.

"Mzee mwenzangu, ili mtu asiotee, mbele yake wanatakiwa wapinzani wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Kipa na beki."

"Kipa yuko wapi?"

Nikatazama. Kati ya tisa na mstari wa goli palikuwa na kifungo kimoja tu cha kahawia. Na ushanga ulikuwa nyuma ya tisa.

"Macho yetu yamezoea kumweka kipa golini," akasema Fundi, "hata akiwa hayupo." Kisha akaitungua ile fulana nyeusi, akaanza kushona bega.

Kesho yake benchi lilijaa. Kinyozi wa chumba cha jirani alikuwa akipiga hesabu ya mechi zilizobaki. "Jumapili sare na vinara, halafu tuwafunge wale wa mkiani, tumepona."

"Sare na vinara?" Muuza mkaa akacheka. "Wewe endelea kuota, mto tutakuletea. Na yule mwizi kapangiwa tena mechi yetu!"

"Panga," akasema Fundi.

Muuza mkaa akapanga kwa vidole vyeusi. Kipa akamweka golini.

"Hapo ndipo alipokuwa?"

Muuza mkaa akakisogeza mbele kile kifungo. Kinyozi akahesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, akaguna.

"Fundi, umenunuliwa wewe!" Muuza mkaa akawaka. "Tukishuka daraja, ndiyo vifungo hivi vitatupandisha?"

"Tukishuka tumeshuka. Yule binti hakuiba kitu. Mwizi nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeanza kulipaza neno lile, na huyu mzee shahidi."

Mtu mmoja akatoka bila kuaga. Mwingine akasema mtu aliye mwenyekiti wa tawi letu la washabiki, kama Fundi, hatakiwi kuongea hivyo. Hapo Mwalimu akaonekana barabarani, bahasha mkononi. Fundi akatoka mbio, utepe wa kupimia ukipepea shingoni, akamleta mpaka mezani na kukiri tena kosa lake mbele yake na mbele ya benchi zima. "Neno lile lilitoka kinywani mwangu, mwanangu. Nisamehe."

Mwalimu akaiinamia meza. Akavipitia vifungo kimoja kimoja. Kisha akanyoosha kidole, akamsogeza tisa upana wa kucha moja kuelekea golini.

"Alikuwa hapa," akasema.

Fundi akampa fulana. Mwalimu akapitisha kidole kwenye lile bega, akaivuta mishono kuona kama itakatika. Haikukatika. Akaifungia bahasha ndani ya ile fulana, akarudi alikotoka, si upande wa chamani.

Jumapili tulikwenda uwanjani, na Mwalimu ndiye aliyeshika kibendera. Mshono ule niliuona begani mwake kutoka jukwaani, au labda niliutaka tu, macho yangu si ya kuaminiwa. Vinara walituzidi kila kitu, lakini tulikuwa bado bila kwa bila, dakika ya themanini na kitu, mshambuliaji wetu akachomoka peke yake. Kibendera juu.

Muuza mkaa akasimama, kifua kimejaa. "Mwi..."

Fundi akamgeukia. Alitia mkono mfukoni, akatoa kifungo kimoja kikubwa cha koti, akakiweka juu ya goti lake.

Muuza mkaa akakitazama. Akatazama lilipo goli la vinara, akamtafuta kipa wao, akakaa.