Kiswahili, Lugha Yangu ya Kigeni

Darasa letu la Kifaransa lilivunjwa nikiwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumebaki wanafunzi wanne, mwalimu akahama, na shule haikutafuta mwingine. Wenzangu watatu waliingia darasa la Kiarabu la wale wanaokizungumza kwao, ambalo mimi lingenishinda. Nami chuo nilichokuwa nimekitia moyoni, huko ng'ambo, kilichukua wachache mno, na kilitaka mwombaji awe amesoma lugha ya kigeni hadi mwaka wa mwisho. Mwalimu aliyetushauri kuhusu vyuo alipekua faili langu, akaniuliza mama yangu ni mtu wa wapi. Nikamwambia Kenya. Akasema basi nisome Kiswahili peke yangu, shule ingenipangia mtihani.

Alidhani ananirahisishia kazi. Mama, ambaye ni muuguzi, alinileta Doha nikiwa na miaka minne, na katika fleti yetu ya Abu Hamour, sisi wawili tu, hatukuongea ila Kiingereza. Kiswahili chake nilikisikia kupitia mlango uliofungwa, alipokuwa akiwapigia simu dada zake.

Kwa miaka miwili nilisomea maktabani, kwenye meza iliyo karibu na mashine ya kuchapisha. Mwalimu wangu, mwanamke wa Tanga, nilimwona kwenye kompyuta kila Jumanne. Vipindi vingine vyote nilikuwa mwenyewe. Ngeli nilizikariri kwa kunong'ona. Wanafunzi walikuja kuchukua karatasi zao, wakaona midomo yangu ikicheza, wakaenda zao. Wenzangu wa Kifaransa walikwisha kupata marafiki wengine, kwa hiyo hata chakula cha mchana nilianza kukila pale pale, kwa kujificha. Kuna wiki ilipita nzima bila mtu yeyote shuleni kuniita jina langu.

Nilijaribu kumsemesha Mama. Alirudi kutoka zamu, nikamuuliza kwa Kiswahili siku yake ilikuwaje. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ilikuwa ndefu. Nilijaribu tena siku mbili tatu, jibu likawa lile lile, nikaacha.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko Doha, tulikwenda kanisani Mesaimeer. Baada ya ibada Mama na wanawake wengine wa Kenya walisimama kivulini wakinywa chai ya chupa, nami nilikuwa nimezoea kusimama kando, sauti zao zikinipita tu. Ijumaa moja Mama alikuwa amekwenda kumsalimia mtu, na mmoja wa wale wanawake akaanza kunizungumzia. Nilishtuka kuona ninaelewa kila neno.

"Huyu mtoto ni mzungu kabisa," alisema. "Mama yake akizeeka, hatajua hata kumuuliza anaumwa wapi."

Wengine walicheka kidogo, bila ubaya. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo yote, nikayapanga kichwani yakapangika vizuri, lakini nikainama na kutazama simu yangu mpaka Mama aliporudi.

Mwaka wa mwisho chuo kilimtuma mtu anihoji, mwanamume aliyesoma huko zamani na sasa anafanya kazi Doha. Tulikutana katika ukumbi wa hoteli. Alikuwa mpole. Alipofika kwenye orodha ya masomo yangu alisita.

"Kiswahili ni lugha ya mama yako," alisema. "Kwa hiyo kwako si ya kigeni, sivyo?"

Nilimwambia kwamba mama yangu hajawahi kuniongelesha kwa lugha hiyo. Nilitaka kueleza zaidi. Akaandika kitu, akageuza ukurasa.

Chuo kilinikataa kwa barua fupi. Niliisomea jikoni, Mama akikata sukuma wiki. Aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akafuta mikono.

"Pole, mwanangu," akasema. Kwa Kiswahili.

Nikamuuliza, kwa Kiswahili vilevile, kwa nini hakuwahi kunifundisha.

"Nilipofika hapa, wodini walinicheka Kiingereza changu," alisema. "Nikaapa wewe hawatakucheka."

Kisha akarudi kwenye mboga zake, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimekula.

Mtihani wa Kiswahili nilipata alama ya juu kabisa. Chuo kingine kilinichukua, katika mji wa baridi ambako sijamsikia mtu akikizungumza. Mama bado yuko Doha, peke yake sasa katika ile fleti. Hunipigia akitoka zamu. Tunaanza kwa Kiswahili, tunaulizana habari na hali ya hewa, kisha mmoja wetu anachoka, na tunarudi kwenye Kiingereza, ambacho ndicho tulichoishi nacho.