Kiti cha Watu Watatu

Pale Nyakato ninapofanyia kazi kuna milango mitatu kwenye jengo moja. Wa kwanza ni wa fundi simu, wa katikati ni saluni, wa mwisho ni wetu sisi mafundi sofa. Sofa zenyewe hazikai ndani, zinashinda nje zimefunikwa nailoni, zinaangalia barabara.

Sasa mtu akija pale akauliza, "Jamani, anayeseti ni nani?" tunaitika wote. Fundi simu anaseti simu. Saluni wanaseti nywele, unawekwa rola, kichwa kinaingizwa kwenye draya, unatoka umekuwa mtu mwingine. Sisi tunauza seti. Ng'ambo ya barabara kuna jamaa wa bodaboda anaseti kabureta, naye akisikia anavuka. Siku moja mama mmoja alikuja kwangu na simu mkononi, anataka kusetiwa. Nikaishika simu, nikaigeuza, nikamwambia kwa sura ya kazi, "Mama, hii itakula mbao kama kumi na mbili." Akaiangalia simu yake, akaniangalia mimi, akauliza kitambaa ni cha kwangu au akanunue mwenyewe. Mpaka leo sijui ni nani aliyemchezea mwenzake.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni ni cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na chenyewe sikitumii, maana siku hizi naenda tu bila kuomba. Kwa hiyo mimi nilijua seti ni neno letu mafundi sofa, hao wengine wamelidandia. Seti ni tatu, mbili, moja, moja. Kiti cha watu watatu, cha wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja. Basi.

Aliyenifungua macho ni msusi wa hapo mlango wa katikati. Yeye amemaliza kidato cha nne. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mteja kwake wala kwetu, amesimama mlangoni anaangalia maji yanavyobeba vumbi la mbao zetu. Nikamwambia, "Nyie hilo neno mlituibia." Akasema hakuna aliyemwibia mwenzake, neno ni la Wazungu, na kwao lina kazi nyingi kuliko zote hizi zetu. Akafungua kamusi kwenye simu.

"Soma zote," nikamwambia.

"Zote hatumalizi leo."

Akaanza. Kuweka kitu mahali ni hilo. Kuandaa meza ya chakula ni hilo. Mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake, hilo hilo. Kitu cha majimaji kikiganda, hilo. Kutega mtego, hilo. Jua likizama, hilo pia.

"Jua nalo?"

"Ndiyo, jua nalo."

"Kwa hiyo kila jioni jua linashuka ziwani kuwekwa rola."

"Ndiyo maana asubuhi linatoka zuri," akasema, wala hakucheka.

Hapo ndipo niliponasa. Wasichana wa kucheka utani wangu nimewaona wengi. Wa kuupokea, kuufuta vumbi na kunirudishia ukiwa mzuri zaidi, sikuwahi kumwona. Nikamwambia Wazungu wana dhambi, neno moja dogo wanalituma kila mahali kama kitinda mimba, kalete chumvi, kafunge mlango, kamwite baba yako. Akaendelea kusoma. Akafika kwenye vitu vingi vinavyokwenda pamoja, kama sofa zetu.

"Hata vikiwa vinne?"

"Hata vikiwa ishirini. Vikishakuwa pamoja vinaitwa kimoja."

Nikamwambia hata sisi wawili tunaweza kuitwa kimoja. Akafunga simu. "Kwanza upeleke barua nyumbani," akasema. Mvua ikakatika, akarudi kwenye rola zake.

Haikuwa siku hiyo wala mwezi huo, lakini barua ilikwenda. Aliiandika mzee mwenye karakana, ambaye mwandiko wake unasomeka, na ndiye aliyekuwa mshenga. Kwao ni Buhongwa, Wasukuma wa kutoka upande wa Magu. Barua ikapokelewa, tukaambiwa jibu litakuja. Nikakaa kusubiri. Nilijigonga vidole kwa nyundo mara nyingi zaidi wiki hizo kuliko miaka yote ya kazi. Yule msichana nilikuwa namtaka kweli, na mimi ni mtu ambaye watu hawaamini nikisema kweli.

Sasa nieleze tunavyouza sofa. Mteja anaangalia kitambaa, lakini kitambaa hakisemi kitu. Kinachosema ni springi na mikanda iliyo chini. Kwa hiyo sisi mteja tunamkalisha mwisho mmoja wa kiti cha watu watatu, fundi anakaa mwisho mwingine, halafu fundi anajirusha. Mteja akitikisika, asinunue. Sofa ya fundi mbovu, mmoja akikaa mwenzake anaruka kama sato ndani ya mtumbwi. Ya kwetu, wewe ruka utakavyo, mwenzako anaendelea kunywa chai. Ndicho kipimo, na kwenye kipimo hicho mzee alikuwa ananitegemea mimi, kwa sababu najirusha huku naongea.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, kitenge cha juu na chini, kilemba kimekaa sawasawa. Yule msichana wangu hakuwepo, alikuwa ameenda mjini kununua nywele. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ndiyo seti?"

"Ndiyo yenyewe, kamili."

"Kwa macho ni nzuri."

"Macho hayakai mama. Karibu ukae."

Akakaa mwisho wa kushoto, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha. Nikamweleza kipimo chetu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku. "Kaa basi tuone," akasema.

Nikakaa. Nikajirusha mara tatu, hata kilemba hakikutikisika. Akasema na yeye ajaribu. Akajirusha kidogo, halafu akajirusha sawasawa. Mimi nikawa namwaga maneno. Nikamwambia sofa hii hata wakwe wakija, mkwe mnene akikaa huku wewe kule hupati habari.

"Wewe unaye mkwe?" akauliza.

"Natarajia, mama. Yuko Buhongwa. Sijamwona kwa macho, ila nasikia ni mkali. Nasikia hata jogoo wa pale kwake anasubiri ruhusa ndiyo awike."

Akaziba mdomo na pindo la kitenge. Mabega yakawa yanatikisika, sofa haitikisiki. Halafu akainuka, akasema atarudi na mwenye nyumba wake, akaondoka. Nikamwambia mzee huyo amenunua tayari.

Kesho yake msichana wangu alikuja akasimama mbele yangu. Nikamkaribisha kwenye kiti, hakukaa.

"Jana ulikaa hapo na nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mama mmoja, mcheshi sana. Amependa sofa."

"Yule ni mama yangu."

Nikageuka kukiangalia kile kiti. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kwao mkwe hukai naye kiti kimoja. Huli naye. Ukikutana naye njiani, unapisha. Na barua ikishapokelewa, ukwe umeshaanza, jibu liwe limetoka au halijatoka. Sisi asili yetu ni Ukerewe, na hata kule mkwe ni mtu wa kuheshimiwa sana, lakini mimi nimekulia hapa mjini. Mila ninayoijua vizuri ni foleni ya bombani.

"Nani amesema?"

"Jirani yetu. Alikuwa hapo saluni chini ya draya, amewaona mnarushana. Ameenda moja kwa moja kwa shangazi yangu. Barua imesimama."

"Lakini mama yako alikuwa ananijua."

"Alikuwa anakujua. Alikuja kukutazama. Nyumbani amesema alikuwa anapita tu, hakujua karakana ni ipi. Baba akijua alikuja makusudi, itakuwa aibu kwa mama."

"Na yeye ndiye aliyeniambia nikae."

"Najua," akasema. "Jumapili unaitwa nyumbani. Utalisema hilo?"

Nilijua nikilisema, nimeshinda.

Jumapili tukaenda, mimi na mzee. Msichana alikuwa amenifundisha salamu ya Kisukuma, nikaingia nayo kifua mbele, "Mwangaluka." Baba mdogo wa msichana, ndiye aliyekuwa anaendesha kikao, akasema, "Mwangaluka ni ya asubuhi, kijana. Saa hizi ni mwadila." Nikasema mwadila. Ilikuwa saa tisa mchana, jasho linanitoka.

Tulikalishwa kwenye viti vya plastiki, kila mtu na chake. Nadhani ilikuwa makusudi. Baba yake msichana alikaa pembeni. Shangazi alikaa mbele yangu, mwembamba, macho kama sindano ya kushonea magodoro. Mama mwenyewe hakuonekana. Alikuwa nyuma ya pazia la korido, niliona kanga chini ya pazia.

Mzee wangu akaomba radhi kwa ajili yangu, kwa maneno marefu mazuri. Shangazi akamsubiri amalize.

"Mlikaa kiti kimoja au hamkukaa?" akaniuliza mimi.

Mzee alikuwa amenipa jibu la kuanzia, tulilipanga njiani. Nikasema, "Shangazi, kile ni kiti cha watu watatu. Kwa hesabu yetu mafundi vile ni viti vitatu vimeunganishwa. Kila mmoja na mto wake. Yeye alikaa cha kwanza, mimi nikakaa cha tatu. Katikati kulikuwa na kiti kizima hakina mtu."

Baba mdogo akageukia ukutani. Nafikiri alikuwa anacheka. Akasema hilo linafaa kufikiriwa, maana hata benchi la kanisani wanakaa wakwe, na hakuna anayeitwa kikao.

"Benchi la kanisani lina Mungu," shangazi akasema. "Wewe kijana, ukikihamisha hicho kitu, unabeba viti vingapi?"

"Kimoja."

"Kina miguu mingapi?"

"Minne."

"Viti vitatu vyenye miguu minne. Huo ni ufundi wa wapi?"

Hapo hata baba yake alicheka, pumzi ikatokea puani. Mimi sikucheka. Niliona nimebanwa kabisa. Shangazi akaegemea mbele.

"Sasa nikuulize. Mtu mzima anakaa zake kwenye kiti, wewe unakwenda kukaa naye na kurukaruka kama mtoto. Nani alikutuma? Alikuita?"

Kanga chini ya pazia ikasogea.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi, limeshavaa viatu. Aliniita. Alisema kaa basi tuone. Tena alikuja kwa miguu yake, ananijua, na aliyerushwa zaidi siku ile ni mimi. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na jibu zuri nikaliacha. Nilishachapwa shuleni, nilishafukuzwa kwenye kwaya, nilishamwagiwa maji ya nyanya, yote kwa sababu ya majibu. Na hili lilikuwa la kweli, wala halikuwa utani. Nikamwangalia msichana wangu, amesimama karibu na mlango ameshika sinia. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliangalia sinia.

"Hakuniita," nikasema. "Nilikaa mwenyewe. Kiti ni kimoja. Nisameheni."

Mzee wangu alinitazama kama mtu aliyeona sofa inaongea. Shangazi nadhani alikuwa amejiandaa kwa mapambano marefu, sasa hana wa kupambana naye. Akavuta kanga yake begani.

"Basi," akaanza, "kama kijana mwenyewe amekiri kwamba hana adabu..."

"Wifi."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa. Wote tukageuka, mimi nikakumbuka sitakiwi kugeuka, nikaangalia sakafu.

"Mwambie huyo mtu anadanganya," sauti ikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akae. Nilikwenda kumwona. Nilitaka kujua mwanangu anakwenda kwa mtu wa namna gani. Nikacheka, nikasahau."

Baba yake msichana akakohoa. Nikasubiri akasirike. Akaliuliza pazia, "Ulikwenda mpaka Nyakato?"

"Nilikwenda."

"Na mimi uliniambia unakwenda kliniki."

"Kliniki nilipitia."

Baba mdogo akasema sasa waliokosa ni wawili, na mmoja ni wa nyumba hii, kwa hiyo kikao kinakuwa kigumu. Akamwangalia shangazi. Shangazi alikaa anafikiri, akachukua chai kwenye sinia, akanywa nusu kikombe, sisi tunasubiri.

"Mtu anayeweza kunyamaza akiwa na haki," akasema mwishoni, lakini hakunisemesha mimi, alimsemesha mzee wangu, "huyo tunaweza kumpa jibu. Hicho kiti kitenganishwe. Asikikalie mtu mwingine kikiwa kizima."

Mzee akaitika haraka kabla sijafungua mdomo. Jibu la barua likatolewa hapo hapo, baba mdogo akalisoma kwa miwani ya baba yake msichana, maana ya kwake alikuwa ameisahau. Lilikuwa ndiyo. Msichana akaenda jikoni na sinia, nikasikia vikombe vinagongana.

Tulipokuwa tunaaga, sauti ikatoka tena kwenye pazia.

"Wifi, mwambie pia kwamba upande ule niliokaa mimi, springi moja inalia."

Shangazi akanigeukia na uso wa mahakama. "Mkweo anasema springi moja inalia."

Haikuwa inalia. Zile springi nilizifunga kwa mkono wangu. Watu wote chumbani walikuwa wananiangalia, hata baba yake.

"Mwambieni mama," nikasema, "naishughulikia leo leo."