Jinsi Fundi Alivyoiboresha Ampu Yangu

Nilimwachia fundi ampu yenye taa tano za kioo, nikaikuta ina taa moja, nayo inawakawaka rangi tatu kama pikipiki ya msafara wa harusi.

Nieleze kwanza ni ampu gani, maana nikiwasimulia watu wanadhani nalilia redio. Ni ampu ya gitaa, ya Kijapani, ya zamani. Boksi la mbao lililovikwa ngozi bandia nyeusi, ukubwa wa kreti mbili za zabibu zikipangwa pamoja, na mbele ina kibao cha maandishi ambayo sijui yanasema nini na hayajawahi kuninyima usingizi. Ndani kuna zile taa, tatu fupi na mbili ndefu. Nilizihesabu mara mbili mbele ya muuzaji na mara mbili nyumbani. Hizo ndizo zinazokuza sauti. Ukiwasha, ampu haisemi kitu, inabidi usubiri zipate moto kama unavyosubiri jiko la mkaa. Zikishakolea ukapiga gitaa, sauti inatoka nene, na ukikaza mkono inakwaruza kidogo, kama mtu mzima anayeimba huku ana jambo moyoni. Ampu za dukani zinaimba kama mtoto anayesoma risala.

Niliipata mnadani kwa mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuwa akiuza vitunguu swaumu. Ampu hakuwa akiiuza, alikuwa ameikalia. Mimi kazi yangu ni kununua zabibu kwa wakulima wa Makutupora na kuziuza mjini, kwa hiyo jambo moja nalijua: kitu unachokitaka usikitazame. Nilibishania vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikamsikitikia mgongo kwa kukalia kiti kigumu vile, nikamwambia hata kuku wangu hawawezi kulala juu ya boksi kama lile. Mwisho niliondoka na vitunguu na kiti, na yeye akabaki amechuchumaa, anatabasamu, anaamini kanipiga.

Tangu siku hiyo ampu hiyo ndiyo inayobeba gitaa langu kwenye kwaya yetu pale Makole. Mimi ndiye mpiga solo. Wapo wanaoshangaa mama mwenye wajukuu kushika gitaa la umeme, na nimewaacha waendelee kushangaa. Ni ampu yenye masharti: inakula umeme wa volti mia, na wa ukutani kwetu ni zaidi ya mara mbili ya huo, kwa hiyo niliinunulia transfoma ya kushusha umeme, nayo inaandamana nayo kila mahali kama mgonjwa na dawa zake. Sijawahi kulalamika. Nimeishi na binadamu wenye masharti zaidi na sauti mbaya.

Kisha ikaanza kunguruma kuliko gitaa lenyewe. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, zilikuwa zimezeeka. Niliagiza mpya Dar es Salaam, nikazipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu, nikamhesabia mkononi, naye akanihesabia. Kabla ya kuondoka nikaipiga ampu picha kwa ndani, na nikarudia, maana picha moja inaweza kuwa na kivuli.

"Toa za zamani, weka hizi," nikamwambia. "Kingine usiguse."

"Mama, usiwe na wasi."

Nilipaswa kuwa na wasi hapo hapo.

Niliporudi, gitaa begani, aliniona tangu mbali, akafuta mikono kwenye suruali kama bwana harusi. "Umekuja wakati mzuri, mama. Sikiliza." Akabonyeza kitufe, na ampu yangu, ambayo tangu itengenezwe haikuwahi kutamka neno, ikatangaza kwa Kiingereza cha dada wa uwanja wa ndege kwamba blututhi iko tayari. Mbele yake, pale penye kitambaa cha spika, fundi alikuwa amekata tundu na kupachika kibao cha plastiki chenye sehemu ya flashi na ile taa ya rangi tatu.

Huu ni ugonjwa wa mafundi wetu. Peleka redio ya marehemu babu ibadilishwe waya, itarudi na flashi. Peleka feni, sijui. Hakuna fundi wa mji huu anayeweza kuona boksi lenye spika akalala kabla hajalitoboa.

"Gitaa nachomeka wapi?" nikauliza.

"Gitaa tena, mama? Unaweka flashi. Gitaa limo humo humo."

Nikakaa kwenye benchi lake. Yeye akaendelea kunipa habari njema: zile taa za kizamani kazitoa, kwa hiyo ampu sasa ni nyepesi, haihitaji tena ule mzigo wa kushusha umeme, nachomeka ukutani moja kwa moja. "Na hiyo kazi sikudai kitu. Wewe ni mama wa kwaya."

Hapo ndipo hasira iliponikaba. Mtu akikuharibia kwa malipo, una pa kuanzia. Huyu alikuwa ameniharibia kwa upendo.

"Vitu vyangu viko wapi?"

Taa zilikuwa kwenye kopo la unga wa maziwa. Tano. Nikarudia: tano. Kapasita zangu mpya zilikuwa bado kwenye mfuko niliouleta, hazijafunguliwa. Kati ya transfoma mbili za ndani ya ampu, ile kubwa ya umeme ilikuwa bado mahali pake kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nati zake zilikuwa na kutu. Lakini ile ndogo haikuwepo.

Ile ndogo ni kidonge cha chuma na nyaya za shaba, kinatosha kiganjani. Kinakaa kati ya taa na spika. Taa bila hicho ni kioo cha kutazama, haziwezi kuisemesha spika. Kapasita unaagiza. Taa, ukihangaika, unaagiza. Kile kilisukwa kwa ajili ya ampu ile, huko kwao, na fundi aliyekisuka huenda alishazikwa. Kikipotea, ampu yangu inarudi kuwa kiti cha vitunguu.

"Nimempa mtu wa vyuma chakavu," fundi akasema, safari hii taratibu. "Pamoja na mota ya feni. Huwa anavunja anatoa shaba."

Nikampakia yeye na ampu kwenye bajaji.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekaa kwenye rimu la gari, koleo mkononi, mbele yake kifungu cha shaba iliyochunwa. Mota ya feni ilikuwa imeshakuwa matumbo. Transfoma yangu ilikuwa magotini pake, ameshaivua karatasi ya juu. Na mimi, niliyemnyang'anya mtu kiti huku akicheka, nikapiga kelele kutoka barabarani: "Weka chini hiyo!"

Akainua macho. "Mbukwenyi, mama."

Kwa Wagogo, salamu hairukwi. Nikaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, koleo likiwa pale pale kwenye waya. Nyumbani salama. Mvua? Mvua kiasi. Zabibu? Zabibu zinaendelea. Watoto? Sijawahi kuwajibia watoto wangu haraka vile. Alipomaliza yeye, ilibidi na mimi nimuulize ya kwake, na ng'ombe walikuwa wengi.

"Sasa hicho kidude," nikasema mwishoni, nikijaribu kutazama pembeni. "Kiliondoka kwa makosa. Ni chuma tu."

"Mama, chuma tu hakikimbiziwi na bajaji."

"Ni cha kumbukumbu."

"Kama ni kumbukumbu, basi ni ghali." Akakitupa juu kidogo akakidaka. Moyo wangu ulipanda nacho, na nadhani aliona. Bei aliyoitaja siiandiki, nisije nikamfundisha mwingine. Nilikuwa nimeshaonyesha ninachokitaka, na hapakuwa na vitunguu vya kujifichia.

Nikamgeukia fundi nimmalizie hasira zangu. Alikuwa amesimama kando ya bajaji amekumbatia ampu, na alikuwa amekichomeka kile kibao cha flashi kwenye betri ya bajaji. Taa ikawaka nyekundu, kijani, bluu. Yule dada wa uwanja wa ndege akatangaza.

Koleo likashuka.

"Hiyo inachukua flashi?" mnunuzi wa vyuma akauliza.

Sijui fundi angejibu nini. Nilimtangulia. "Hiyo siuzi," nikasema, nikaipa mgongo. "Tuongelee chuma."

"Nauliza tu. Dada yangu anaolewa Haneti. Spika ninayo, ila kule umeme hauaminiki. Inakubali betri ya pikipiki?"

"Inakubali," fundi akasema. Neno lake la kwanza la maana siku hiyo.

"Hata ikikubali," nikasema, "ndiyo kwanza imefungwa leo. Nimeisubiri. Wanakwaya wanaisubiri."

Tulikwenda hivyo mpaka akaanza yeye kunibembeleza. Nilikubali kwa uso wa mtu aliyeibiwa. Kibao cha flashi kwake, transfoma kwangu, na juu yake akaniongezea konzi ya skrubu, kwa sababu fundi alifungua kumi na mkononi alikuwa na saba.

Tulirudi kibandani. Nilikaa nyuma ya fundi na picha zangu zote mbili, na hakugusa waya bila kunionyesha. Alilehemu vizuri, sitasema uongo. Mkono wake ni mzuri, ila hauna breki. Alipomaliza akachukua plagi ya ampu akainyoosha moja kwa moja ukutani.

"Mia!" nikapayuka. "Volti mia!"

Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Tukaweka transfoma ya kushusha umeme katikati, tukawasha. Kimya.

"Imekufa, mama."

"Subiri."

"Mama, hii ya blututhi ilikuwa inawaka hapo hapo."

"Nimesema subiri."

Zile taa ndefu zikaanza kuwa na rangi ya machungwa kwa ndani, kisha zile fupi. Nikachomeka gitaa, nikapiga uzi mmoja tu. Ikatoka ile ile, nene, na mkwaruzo wake, bila mngurumo. Muuza mihogo wa jirani akageuka. Nikapiga tena, nihakikishe.

Fundi akatikisa kichwa polepole. "Sauti nzuri, mama. Kweli nzuri." Akafikiri. "Ila ingekuwa na flashi..."

Nilibeba ampu yangu nikaondoka.

Tundu alilolikata lipo mpaka leo. Nimeliziba kwa kipande cha bati, lakini bati linang'aa na watu wana macho. Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo wa sadaka, mzee wetu wa besi aliinama, akakigonga kile kibati kwa kidole, akaninong'oneza, "Mama, flashi inaingia hapa?"

Nilikaza mkono. Wale wa viti vya nyuma wanasema ile solo waliisikia mpaka nje.