Jua la Saa Tatu na Robo

Nianze na ujinga wenyewe, nisije nikaupamba baadaye: nilimshitaki mchumba wangu kwamba yuko Amerika, wakati yeye alikuwa Norwei, kituoni, anasubiri basi la kwenda chuoni huku amevaa kofia mbili. Na si kwamba nilibahatisha. Nilikuwa na ushahidi. Niliutoa kwenye simu, kwenye tovuti ya saa za dunia, na siku hiyo nilijiona hakimu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona nguo barazani kwangu Kihonda, Morogoro, zaidi sare za shule, na tangu nimalize kidato cha nne safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Dodoma, harusini, nako niliondoka keki haijakatwa. Milima ya Uluguru naiona kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Sijawahi kuipanda, na sioni kwa nini niipande wakati inaonekana vizuri kutoka hapa. Mwenzangu alikuwa kinyume changu. Alizaliwa Mkuyuni, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, akasoma mambo ya udongo na mazao, na siku alipopata nafasi ya kwenda Norwei kusoma miaka miwili aliniambia huku anacheka. Na mimi nikacheka, ila kwa kuchelewa kidogo.

Siku ya kuondoka aliniomba nimsindikize mpaka uwanja wa ndege, Dar. Nilimsindikiza mpaka stendi ya Msamvu, hapa hapa mjini. Nikamwambia nina sare za kumalizia, shule zinafunguliwa. Aliutazama tu mkanda wa kupimia, ambao nilikuwa nimeusahau shingoni, halafu akapanda basi.

Alipofika tukapanga atakuwa ananipigia kila siku ya masomo anapokwenda darasani, saa mbili asubuhi ya kwao. Ndipo nilipoitafuta hiyo tovuti. Morogoro haikuwemo kwenye orodha yao, nikajiandikisha kama mtu wa Dar es Salaam, na chini yake nikaweka Oslo. Saa zote mbili zikakaa pamoja kwenye kioo, yangu juu, yake chini, tofauti saa moja tu. Nilikipenda kitu kile. Nilikuwa nakata kitambaa huku najua yeye sasa hivi anakunywa chai. Saa tatu ya kwetu ikigonga, simu inaita.

Jirani yangu hukaanga vitumbua hatua chache kutoka cherehani yangu, na kwa kuwa huwa naongea kwa sauti ya nje, mapenzi yetu aliyasikia yote. Yeye ni Mluguru, baba yangu Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukuambia mbele za watu jambo ambalo ndugu yako angelizunguka mwezi mzima. Asubuhi nyingi alikuwa anachungulia kwenye simu na kumuuliza mchumba wangu kama huko ughaibuni hakuna miwani, maana anaona bado ananiangalia.

Mwishoni mwa Oktoba simu haikuita saa tatu. Iliita saa nne. Nikauliza kulikoni, akasema usiku wa kuamkia Jumapili nchi nzima imerudisha saa nyuma. Nikacheka sana. Jiografia nilisoma: dunia inazunguka, kila nyuzi kumi na tano za longitudo ni saa moja, nilipata na alama nzuri. Lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba serikali inaweza kuishika saa na kuirudisha. Nikamuuliza na umri je, wanaurudisha? Akacheka na yeye. Tovuti nayo ikawa inaonyesha tofauti ya saa mbili badala ya moja. Nikakubali, ila nilikubali kama unavyoitikia salamu ya mtu usiyemkumbuka.

Novemba sura yake ikaanza kufifia kwenye kioo. Nikamlaumu kwa kununua simu mbaya. Desemba likaingia giza kabisa.

Sasa hapa naomba nieleweke, ingawa sistahili. Kwetu jua na saa ni kitu kimoja. Jua likishatoka, tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Mwaka mzima halitutupi, na likichelewa kuonekana ujue milima imelikinga. Kuniambia ni saa mbili asubuhi na jua halijatoka ni kama kuniambia mtoto ameanza darasa la kwanza na bado hajazaliwa. Na asubuhi ile nyuma ya kichwa chake kulikuwa na taa za barabarani zinawaka, na pumzi yake inatoka nyeupe kama mvuke wa sufuria. Nikamuuliza hiyo ni saa mbili gani. Akageuza simu anionyeshe kituo, theluji, watu wamesimama na mabegi. Akasema jua bado, linachelewa siku hizi. Aliongea kama anayesema maji yamekatika. Mimi nikamwambia nitakupigia.

Sikumpigia. Niliweka sare pembeni, nikafungua tovuti, nikaanza kutafuta: kwetu ikiwa saa nne asubuhi, ni wapi duniani kuna giza? Nikashuka nayo orodha. Nairobi, mchana. Delhi, mchana. Nikafika New York: saa nane usiku. Nikashika kichwa. Nikakumbuka aliwahi kunitajia mwanafunzi mwenzake aliyekulia Amerika, basi kesi ikajishona yenyewe. Nikamwandikia: "Nimeangalia saa za dunia nzima. Giza hilo ni la New York. Uko na nani huko?"

Zilipita kama saa mbili, akanitumia picha bila neno lolote. Dirisha la darasa, kilima cheupe, na jua jekundu limekaa chini chini kama linaogopa kupanda. Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo. Mimi nilimwomba atume nyingine, yenye saa, tarehe na sura yake ndani yake, kwa sababu hiyo aliyotuma inaweza kuwa ya siku yoyote.

Jibu lilikuja kesho yake. "Nilikuonyesha giza, hukuamini. Nimekuonyesha jua, hukuamini. Sina kingine cha kukuonyesha."

Nilidhani ni hasira za kupita. Wiki nzima simu haikuita, na mimi niliendelea kukusanya ushahidi. Katika kuchokonoa huko kidole kikagusa jina la Oslo lenyewe, jambo ambalo kwa miezi yote ile sikuwahi kulifanya. Nilikuwa natazama tu tarakimu. Ukurasa ukafunguka. Chini ya saa kulikuwa na kijua kidogo kilichochorwa nusu, na mshale unaoelekea juu, na pembeni muda wa kuchomoza: saa tatu na robo asubuhi. Nikausoma mara tatu. Cherehani ilikuwa bado inakwenda, mguu ulikuwa haujapata habari, na suruali ya mtoto wa watu ikashonwa hadi mdomo wa mguu mmoja ukafungwa kabisa.

Nilipiga, hakupokea. Niliandika msamaha mrefu, kisha mfupi, kisha nikatuma picha ya ule ukurasa wenye kijua, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa hajui. Tiki mbili zikageuka bluu zote. Halafu akapiga mjomba wake kutoka Mkuyuni, yule aliyepokea posa yangu, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza habari za kazi, akauliza kama mvua za huku zimenyesha. Kisha akasema binti amesema basi, na yeye hana la kuongeza. Akamalizia kwamba mimi nitabaki kuwa mtoto wa nyumbani kwao. Hakuna mlango unaofungwa kwa upole kama huo.

Oslo sijaifuta. Kila asubuhi kabla ya kutia uzi nagusa lile jina. Januari jua lao lilianza kuwahi, dakika moja, dakika mbili. Februari likakimbia. Na asubuhi moja ya Machi nikakuta jua la kwake na la kwangu yote yamechomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, kila moja kwa saa ya kwao, tofauti haitoshi hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilifurahi kweli. Nikabonyeza jina lake nimwambie, kabla sijakumbuka.

Basi nikaenda kumwambia jirani. Nilichukua kitumbua nikakiinamisha mbele ya moto wake kumwonyesha jinsi dunia inavyolala upande, ndiyo maana wenzetu jua huwachelewea na baadaye likawawahia. Nikamwambia kosa langu lilikuwa la elimu, si la moyo, na kwamba yeyote aliyelelewa chini ya jua letu angekosea vile vile. Nikamwonyesha na milima: si unaona hata Mkuyuni wao huliona jua sisi huku bado tuko kivulini? Nilikuwa nasubiri aseme pole.

Alivigeuza vitumbua vyote kwanza, kimoja kimoja. Akaninyang'anya kile cha mkononi, akakirudisha kwenye beseni.

"Mtani, usilisingizie jua," akasema. "Binti huyo hata angebaki hapo Mkuyuni, ungempigia akuonyeshe kama kumekucha."