Fabian Alivyomzika Baba Yake kwa Simu

Watu wa kijiji cha Daa wakimtaja Fabian Tluway, walianza kwa kuusifu mkono wake. Yule, walisema, akikukaangia yai tu utajua amekaa na wageni. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa imeishia kwenye jiko la loji moja juu ya Karatu, upande wa barabara ipandayo lango la Ngorongoro. Aliingia akiwa mmenya viazi, akapanda pole pole hadi akawa mpishi wa zamu ya asubuhi.

Baba yake, Mzee Valeriani, alijulikana kwa jambo jingine. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa katekista wa kigango chao. Siku padre asipofika, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu kuongoza ibada. Na wanakijiji wakigombania mpaka wa shamba, walimwita aje aseme alichokiona, maana hakuna aliyewahi kumkamata na neno la uongo.

Toka loji hadi Daa si mwendo wa kumshinda mtu mwenye nauli ya bodaboda, lakini Fabian alikuwa mtu wa "nitakuja mwezi ujao." Mwezi wa tano mzee alishikwa na kifua, akalazwa siku sita. Marsela, dada yake Fabian aliyekuwa anaishi na mzee, akapiga simu.

"Kaka, baba anakuulizia."

"Mwambie kazini hawatoi ruhusa."

Hakuwa ameomba. Masika yalikuwa yamemwaga, wageni wa kuhesabika, na meneja angemruhusu bila hata kuinua kichwa. Fabian alikuwa anazitunza siku zake za likizo, na zile alizozitunza alikuja kuzimaliza kwenye harusi ya rafiki yake Babati.

Mwezi wa saba akapata habari kwamba hoteli moja ya Arusha inatafuta mpishi mkuu, na wanaotaka kazi wapike siku tatu waonekane. Akaenda kwa meneja wake, dada mmoja aitwaye Goodness, mdogo kwake kwa umri lakini hana mchezo na kazi.

"Fabian, likizo yako imekwisha," Goodness akamwambia. "Na vyumba vimejaa mpaka mwezi wa tisa. Haiwezekani."

Fabian akatoka nje nyuma ya jiko, pale inapowekwa mitungi ya gesi. Akatoa simu, akaandika: "Meneja, nimepigiwa sasa hivi kutoka nyumbani. Baba yangu amefariki." Akayaangalia yale maneno. Kidole kikasita kidogo tu, kisha kikabonyeza. Dakika mbili hazikupita, jibu likaja: "Pole sana kaka yangu. Nenda sasa hivi. Kazi tutagawana."

Akapanda basi la Arusha na visu vyake kwenye begi.

Kule Arusha hakufua dafu. Siku ya kwanza mchuzi ulimshikia chini, siku ya pili mkono ulikuwa mzito, siku ya tatu wakamshukuru na kumchukua mpishi wa kutoka Moshi. Alikuwa anakunja aproni yake simu ikaita. Ni Cresensia, mama mtu mzima anayesimamia usafi wa vyumba pale loji, ambaye kila mfanyakazi alimwita mama.

"Fabian mwanangu, kesho tunakuja kukushika mkono. Meneja ametupa gari."

"Mama, msijisumbue. Tumeshaanua tanga."

"Tanga kuanuliwa si sababu ya watu wasije. Wewe ni mwenzetu."

Akapiga simu kwa Marsela, haipatikani. Akapiga tena na tena. Baadaye alikuja kujua kwamba simu ya Marsela ilikuwa dukani inachajiwa tangu juzi. Alfajiri akadandia basi la kwanza, na njia nzima, kuanzia Makuyuni hadi kupanda Rhotia, alikuwa anatunga la kusema. Hakupata hata moja. Karatu akashuka na kurukia bodaboda. "Kimbiza," akamwambia dereva. "Nimefiwa."

Hata yeye mwenyewe alilisikia lile neno lilivyotoka kirahisi.

Walipofika kwenye kona ya mwisho aliliona basi dogo la loji limesimama mteremkoni, chini ya nyumba yao. Akashuka, akasimama nyuma ya lile basi. Wanawake walikuwa wameshafunga kanga vichwani na wanaimba taratibu wakipanda kuelekea uani. Wanaume wawili walibeba mfuko wa mchele, mwingine katoni ya sukari. Nyuma yao alikuwa Ngoitiko, askari wa getini, Mmasai wa kijiji cha Piyaya, na blanketi jipya limekunjwa mkononi.

Uani, Mzee Valeriani alikuwa anapura maharage. Alipoona wageni wanaimba, akaweka fimbo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akavua kofia.

"Karibuni, karibuni wanangu. Marsela, leta viti."

Cresensia akamshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee wetu. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Msiba?"

"Wa baba yake Fabian. Sisi tunafanya naye kazi. Wewe ni nani wa marehemu, mzee?"

Marsela alikuwa ametoka mlangoni na kiti. Akafungua kinywa. Mzee Valeriani akamwambia neno moja kwa Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, bila kugeuka, naye akanyamaza. Kisha mzee akainua macho. Yakapita juu ya vichwa vya wageni, yakaenda moja kwa moja hadi nyuma ya basi, yakamkuta mwanawe amesimama pale na begi begani.

Fabian alikuja kusema baadaye kwamba lau baba yake angemtukana mbele ya wale watu, lau angeiokota ile fimbo ya maharage na kumchapa kama mtoto, angeshukuru. Mzee hakufanya hivyo. Alimtazama tu, kwa muda wa kutosha mtu kumaliza Baba Yetu. Kisha akamrudia Cresensia.

"Mimi ni mdogo wake marehemu," akasema. "Fabian ni mtoto wa kaka yangu."

Wageni wakaguna kwa huruma. Wakamgeukia Fabian aliyekuwa anapanda sasa, wakamkumbatia mmoja mmoja. Alikuwa mkavu kama gogo. Wakadhani ni uchungu.

"Kaburi liko wapi tukaweke shada?" Cresensia akauliza.

"Alizikwa Mbulu," mzee akajibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwa wazee wetu."

"Basi tusali hapa hapa. Mzee, utuongoze wewe. Jina lake la ubatizo?"

Mzee akaigeuza kofia mikononi. "Valeriani," akasema.

Wakapiga magoti kwenye maganda ya maharage. Na Mzee Valeriani, aliyeongoza sala kwenye misiba ya nusu ya kijiji kile, akamwombea Valeriani raha ya milele, akaomba Mungu amsamehe makosa yake aliyoyatenda akiwa duniani, akaomba mtoto aliyemwacha asipotee njia. Hapo akakomea. Cresensia akampokea akamalizia.

Walipokuwa wanaaga, Ngoitiko akamfunika mzee lile blanketi mabegani. "Baba yangu alikwenda mwaka jana," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mimi nilikuwa kazini. Nafika Piyaya, wameshamaliza. Sasa wewe, baba mdogo, ndiye baba yake huyu. Mwangalie." Akampiga Fabian begani, akateremka kwenye gari.

Basi likaishia konani. Fabian akapiga magoti.

"Baba, nisamehe."

"Inuka," mzee akasema. "Marsela, huo mchele na sukari wapelekee wale watoto wa marehemu Sakaya. Wao wamefiwa kweli. Usiache hata punje."

"Na blanketi?"

Mzee akalivua, akalikunja vizuri pembe kwa pembe, akampa Fabian. "Hili utamrudishia mwenyewe." Akaokota fimbo, akaendelea kupura.

Fabian alirudi kazini Jumatatu, na blanketi akaliacha chini ya kitanda chake. Alitegemea kuona haya kutamwisha kidogo kidogo, kama harufu ya kitunguu mkononi. Ikawa kinyume. Wenzake walimpunguzia kazi. Goodness akambadilishia zamu apumzike. Cresensia alimwekea chai. Na kila asubuhi akipita getini, Ngoitiko alimuuliza, "Baba mdogo anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Msalimie sana."

Jumapili ya pili Marsela akapiga simu. Mzee, alisema, hapokei komunyo. Watu wakijipanga, yeye anabaki amekaa na macho chini. Na amemwambia mwenyekiti wa kigango atafutwe mwingine wa kuongoza ibada. Kijiji kizima kinaulizana, katekista ametenda nini?

Fabian akaomba aongee naye. "Baba, nenda ukaungame kwa padre, yaishe."

"Nitaungama nini?" mzee akauliza. "Uongo huungamwa ukishaachwa, Fabian. Wangu haujaachwa. Kila siku wale watu wanakuonea huruma kwa ajili yangu. Mimi siwezi kwenda kwao kuwaambia, maana nitakuwa nimekuanika. Na nisipokwenda, ndiyo hivyo ninakaa."

Hakuwa amekasirika. Alieleza kama mtu anayeeleza kwa nini punda hawezi kuvuka mto.

Ilimchukua Fabian siku tisa nyingine, na hizo siku tisa alizionea haya kuliko hata ule ujumbe wa simu. Kila asubuhi alisema leo, kila jioni akasema kesho. Siku ya kumi, wafanyakazi walipokusanyika jikoni kwa kikao cha asubuhi, Goodness akauliza kama kuna mwenye neno. Fabian akainua mkono.

"Baba yangu hajafa," akasema. "Yule mzee mliyemkuta Daa ndiye baba yangu. Nilidanganya ili niende Arusha kutafuta kazi. Na yeye akadanganya ili kunisitiri."

Palikuwa na sufuria ya uji jikoni, ikachemka ikamwagika, na hakuna aliyeishika. Cresensia alifunika uso kwa kanga. "Nilipiga magoti," akasema. "Nilimwombea mtu aliyepiga magoti pembeni yangu." Akatoka.

Goodness alimwandikia barua ya onyo la mwisho, akamsimamisha kazi mwezi mmoja. Alipokuwa anaondoka na begi lake, Fabian akasimama getini na lile blanketi. Ngoitiko alilitazama, hakulipokea.

"Mimi ningempa Mungu ng'ombe wote wa Piyaya nipate asubuhi moja tu na wangu," akasema. "Wewe unaye, halafu unamtupa." Akafungua geti. "Blanketi nilimpa mzee. Mrudishie mzee."

Mzee Valeriani alilipokea blanketi, akaungama wiki hiyo hiyo, na Jumapili iliyofuata alisimama kwenye mstari pamoja na wengine. Kuongoza ibada hakurudi tena. Alisema aliyepewa sasa anafanya vizuri. Fabian alimsaidia kuvuna mahindi mwezi ule wote. Walizungumza habari za mahindi.

Kazini alirudishwa, lakini kwenye kumenya na kukatakata, na vijana wapya walimpa jina: Yatima. Akiitwa, alikuwa anaitika.

Mwezi wa kumi na mbili Marsela akapiga simu mchana. Kifua cha mzee kilikuwa kimerudi, vibaya kuliko mwanzo, na kitandani hainuki. Fabian akaenda ofisini kwa Goodness akiwa na aproni.

"Baba yangu anaumwa. Naomba siku mbili."

Goodness akaweka kalamu chini. Akamtazama sana. Hakuwa mtu mbaya, na lile lililomtoka lilimwia gumu hata yeye. "Mpigie," akasema. "Niongee naye."

Fabian akapiga, akaweka simu mezani, sauti juu. Marsela akapokea. Fabian akamwambia ampelekee mzee simu sikioni. Wakasikia godoro, kisha kikohozi kirefu kikavu, kikaisha, kikaanza upya. Fabian alisimama akiangalia sakafu huku baba yake akikohoa mbele ya meneja kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Shikamoo mzee," Goodness akasema. "Ni meneja wa Fabian."

"Marahaba, mwanangu." Pumzi ilikuwa inakwaruza. "Nipo. Ananiombea ruhusa?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni kweli naumwa, mama. Safari hii ni kweli."

Goodness akageukia dirishani. "Nenda Fabian," akasema bila kugeuka. "Nenda, kaa naye wiki nzima."

Fabian akaichukua simu. Alitaka kumwambia baba yake kitu, lakini kilichomtoka ni kwamba anakuja, na kuuliza kama kuna dawa ya kununua mjini. Mzee akasema anunue machungwa, kama yapo matamu. Fabian akavua aproni pale pale ofisini, akaikunja, akasahau hata kuaga.