Magurudumu ya Kinu

Fundi jirani akitoboa mbao kwa nondo ya moto, moshi wake huingia dirishani kwangu nami huacha ninachofanya.

Kaka yangu alitoboa hivyo magurudumu ya kigari chetu, tulipohamishiwa kijiji kipya chini ya mlima wa Sekenke. Watoto tuliowakuta walishindana kuteremka mlimani kwa vigari vya mbao, juu ya mawe na visiki, na walisema wageni hatuwezi. Tulikata magurudumu ya mti mbichi, yakapasuka. Tukakata mengine, nayo yakapasuka. Nilimwambia kaka hatuachi.

Mama alikuwa akitutazama. Kinu chake kilipata ufa siku ya kuhama, kiliporushwa kutoka kwenye lori, na tangu hapo hakuruhusu mtu akiguse. Jioni ile alikiviringisha mwenyewe hadi miguuni petu.

“Kateni hapa kwenye kitako. Mti huu ulikauka hamjazaliwa.”

“Mama, si ulisema kitazibwa?” niliuliza.

“Kateni.”

Msumeno ulipokwama, alishika upande wa pili akavuta na kaka mpaka magurudumu yakatoka. Tuliyapaka mafuta ya nyonyo.

Siku ya mashindano nilikalia kigari mimi, kaka akasukuma. Meno yaligongana, vumbi likajaa mdomoni, lakini kamba ya kukiongozea sikuiachia. Nilifika bondeni wa kwanza, magoti yanavuja damu. Nilipotazama juu, mama alikuwa amesimama katikati ya watoto, anakaza khanga kiunoni.

“Kipandishe,” aliniita. “Sasa ni zamu yangu.”