Pengo la Nyuma ya Amable

Kabla ya kila mechi ya besiboli Silverio Encarnación alivua viatu. Alitembea pekupeku kwenye kipande chake cha ardhi, kati ya kituo cha pili na cha tatu, akizitafuta kwa nyayo kokoto ambazo jicho halizioni. Aliyoipata aliitia mfukoni. Kisha kiwanda cha sukari cha Santa Brígida kilimpa ndoo ya molasi iliyozimuliwa kwa maji, akaimwaga pale ili vumbi lilale. Mpira uliogonga ardhi ile uliruka kwa adabu, ukaingia kwenye glavu yake kama kuku arudiye bandani. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Fagio.

Kupiga hakujua. Akishika gongo la kupigia, watu waliondoka kwenda kununua bia, na walimcheka hata mbele ya mkewe, Nereida. Lakini wazee waliokata miwa enzi zile walijua kwamba mechi huokolewa na mpira usiopita. Mlinzi mzuri ni kama paa: hakuna anayelisifu mvua ikinyesha nje.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni Amable, mdogo wake Nereida, mrushaji wa timu. Hakuwa na nguvu za kutisha. Mipira yake ilishuka chini karibu na magoti ya wapigaji, hivyo waliigonga ikaserereka ardhini, ikamkuta Fagio. Amable alirusha na kusimama wima akiangalia mbele, bila hata kugeuka. Alisikia tu mlio wa mpira kwenye ngozi ya glavu, akatabasamu.

Kiwanda kilifungwa. Molasi ikaisha, na ardhi ya uwanja ikakauka ikawa kama tofali. Amable akabaki kuchomelea pikipiki na mapanga yaliyovunjika, kazi ya mtu mwenye macho mazuri. Timu ikachukuliwa na Leovigildo Peguero, mwenye vibanda vya bahati nasibu, mtu aliyependa kelele. Akamleta Wilkin, mtoto wa mjini mwenye mabega ya ng'ombe wa mkokoteni, awezaye kupeleka mpira juu ya ukuta hadi barabarani. Ili Wilkin apate nafasi, ilibidi mtu atoke.

Silverio alimwendea Peguero kwa heshima. Hakujitetea. Alisema tu kwamba Wilkin awekwe kwingine, maana mrushaji wao hawezi kufanya kazi bila mtu pale nyuma.

"Fagio, ndugu yangu," Peguero alisema, "watu hawalipi kiingilio kuja kutazama mtu anafagia."

Waliokuwepo wakacheka. Silverio akaenda kukaa kwenye benchi. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini siku hizi nani anawasikiliza wahenga?

Mechi ya kwanza ya Wilkin walishinda. Mpira wake uliruka ukuta, ngoma na kodiani zikalia, Peguero akawamwagia watu ramu. Silverio hakuwa anamtazama Wilkin. Alimwona Amable akirusha, na kabla mguu haujakaa sawa, akijitupa kulia kwake, kuelekea pengo aliloacha Silverio. Mipira miwili ilikuwa imempita Wilkin miguuni kama maji, na sasa Amable alitaka kuizuia yeye mwenyewe. Kila alipojitupa, uso wake ulibaki wazi mbele ya gongo, na mkono wenye glavu ulikuwa mbali, chini.

Nyumbani Silverio akamweleza Nereida, naye akaacha kukoroga maharage, akamwambia aongee na mdogo wake kabla hajaumia.

Jumapili Silverio hakuruhusiwa kuvua viatu. Peguero alisema ni uchawi wa mashambani. Kokoto zikabaki pale pale, na upepo uliinua vumbi jekundu likatanda uwanja mzima. Wapinzani waliligundua pengo mapema; kila mmoja alipiga kuelekea huko. Amable alijitupa kulia, tena na tena, na kila mara alichelewa zaidi kunyanyuka.

Walipopumzika, Silverio alimfuata kwenye pipa la maji.

"Shemeji, nisikilize. Ukisharusha, simama wima. Inua glavu usoni. Acha mpira upite."

Amable aliteka maji, akanywa, akajifuta mdomo.

"Ukipita, nani ataushika?"

Silverio alitazama pale palipokuwa pake. Wilkin alikuwa amesimama akiwapungia watu mkono. Amable akampiga begani polepole, akarudi kwenye kichuguu chake cha kurushia.

Mpigaji aliyefuata alikuwa mtu mwembamba tu. Amable akarusha chini, karibu na magoti, mpira mzuri kama ile ya zamani. Akajitupa kulia. Mpira safari hii haukwenda pengoni. Ulirudi moja kwa moja ulikotoka.

Sauti yake haikuwa ya ngozi ya glavu.

Silverio ndiye aliyemfikia kwanza, akampakata kichwa mapajani. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu. Wakampeleka hospitali nyuma ya gari la kubebea ndizi, na wakiwa bado njiani walisikia ngoma zikilipuka uwanjani: Wilkin alikuwa ameupeleka mpira barabarani, na Santa Brígida walikuwa wameshinda tena.

Jicho halikupona. Sasa Amable hukaa kwa dada yake, vifaa vya kuchomelea vimefunikwa gunia. Wakila, Silverio huketi upande wake wa kulia ili Amable amwone. Hawazungumzi habari za mchezo. Mjini watu bado wanasimulia ule mpira wa Wilkin, umbali wake, gari uliloligonga.

Jumapili iliyofuata ajali ile Silverio alikwenda akasimama nje ya uzio. Peguero alikuwa ameleta mrushaji mwingine, mwembamba, arushaye chini karibu na magoti. Mpira wa kwanza uligongwa, ukampita Wilkin miguuni.

Mpira wa pili, mrushaji yule aliuachia, na kabla mguu haujakaa sawa, akajitupa kulia.